Pua ya Kuazima

Shemeji yake alikuwa na jina zuri tu alilopewa na wazazi wake, lakini huu ulikuwa mwaka wa pili mpishi hajalitumia. Kimoyomoyo alimwita Bwana Kaakaa. Tangu mtu yule ahudhurie mafunzo ya siku tatu ya kuonja mvinyo, hakuweza kumaliza sentensi mbili bila kulitaja kaakaa lake. Kaakaa langu halikubali hiki, kaakaa langu limechoka leo, kaakaa langu linadai kile. Ungemsikia ungedhani kaakaa ni mgonjwa wake, amelazwa mahali, naye ndiye anayempelekea uji.

Kazi yake hasa ilikuwa kuuza samani za ofisini: viti vya magurudumu, meza, makabati ya mafaili yanayogoma kufunguka ifikapo mwezi wa pili. Hakuna ubaya, watu lazima wakalie kitu. Lakini baada ya zile siku tatu alirudi na cheti, akakitia kwenye fremu ya rangi ya dhahabu na kukitundika sebuleni, pale ilipokuwa picha ya harusi. Picha ya harusi ikahamishiwa kwenye korido, karibu na swichi ya taa ya chooni. Mpishi aliiona siku hiyohiyo. Alisonya tu, msonyo mrefu wa kutosha kuvuka korido nzima.

Yeye mwenyewe alikuwa mpishi mkuu katika jiko la hospitali. Kila siku zilitoka mikononi mwake sahani zaidi ya mia tatu: huyu bila chumvi, huyu bila mafuta, huyu kilaini kwa sababu hana meno, huyu asipewe chochote mpaka daktari aseme. Miaka ishirini na miwili ya kazi hiyo ilimfundisha kuwa mtu aliyelala chali na dripu mkononi haongopi kuhusu chakula. Kibaya anakisukuma kando, basi. Kwa hiyo watu wazima, wenye afya zao na tai shingoni, wanaosifia kitu kisichowapendeza, walimtia kichefuchefu. Hakudharau watu ovyo. Alidharau kwa mpangilio, na shemeji yake alikuwa nambari moja.

Nambari mbili, ingawa asingekiri mbele ya mtu, alikuwa dada yake wa kuzaliwa.

Dada huyo alimzidi miaka sita. Kabla ya kuolewa alikuwa muonja chai kiwandani, na si muonja chai wa kubahatisha. Vikombe arobaini hupangwa mstari mmoja, yeye anapita na kijiko, anavuta chai kwa kishindo mpaka inagonga koo, anatema kwenye ndoo, anasema: hii ilichumwa baada ya mvua, hii iliungua kidogo kwenye kukausha, hii imelala ghalani karibu na sabuni. Wanaume wenye mvi walimfuata nyuma na madaftari, wakiandika. Mdogo wake aliwahi kumtembelea huko akiwa binti wa shule, akasimama mlangoni akijawa na fahari mpaka akasahau alichotumwa. Kisha dada akaolewa na muuza viti, na muuza viti akasema hawezi kuwa na mke anayeshinda akitematema mbele ya wanaume. Na dada akaacha. Hivihivi tu, kama mtu anayevua kandambili mlangoni. Hilo mpishi hakuwahi kulimeza.

Basi dada alipopiga simu Jumatano ile, alipokelewa kwa ubaridi.

"Mdogo wangu, Jumamosi njoo unishike mkono. Kuna wageni wa chakula cha jioni."

"Wageni wako au wa kaakaa?"

"Acha hizo. Anakuja yule mama mwenye hoteli mpya. Anatafuta mtu wa kumchagulia mvinyo. Shemeji yako ametajwa."

"Ametajwa na nani?"

"Na yeye mwenyewe."

Mpishi alienda. Alijiambia anaenda kwa ajili ya dada, lakini ukweli ni kwamba hakutaka kukosa. Mara ya mwisho Bwana Kaakaa alikuwa amewalazimisha wageni wanywe mvinyo mwekundu mzito kwa samaki mwenye mafuta, na watu walikaa mezani na ladha ya chuma mdomoni, kama wanaolamba ufunguo wa mlango, huku wakisema kitamu, kitamu sana, hatujawahi. Mpishi aliishi kwa kumbukumbu hiyo kwa miezi kadhaa.

Jumamosi saa nane mchana aliingia na visu vyake vimefungwa kwenye taulo. Jiko la dada lilikuwa dogo na safi, na lilikuwa na dirisha dogo la kupitishia vyombo kwenda chumba cha kulia. Mezani palikuwa na mguu wa mwanakondoo, uyoga kikapu kizima na chupa tatu za mvinyo zilizokwisha kufunguliwa. Mpishi alikuwa amekuja pia na mchuzi wake mwenyewe kwenye chupa ya kioo, wa pilipili iliyosagwa na nyanya zilizochomwa. Hospitalini pilipili ilikuwa marufuku, kwa hiyo akipata nafasi ya kupika nje ya hospitali mkono wake ulikuwa hauna breki. Ule mchuzi alikuwa ameupika siku mbili.

Alikuwa anauchoma mguu wa kondoo kwa ncha ya kisu na kupenyeza vitunguu saumu wakati Bwana Kaakaa alipoingia, glasi mkononi, shati limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

"Shemeji, karibu. Leo naomba tusiharibu harufu. Mvinyo ni kitu cha pua kwanza, mdomo baadaye. Watu hawajui hilo."

"Ndiyo, shemeji."

"Huu, kwa mfano." Akaizungusha glasi, akaingiza pua mpaka ikakaribia kulowa. "Unasikia? Cheri mbivu. Moshi wa mbali. Na kule nyuma kabisa, ngozi ya kiatu kipya."

Nyuma kabisa, kwa kweli, yaani nusu hatua kutoka kisogoni kwake, kitambaa cha kufutia vyombo kilikuwa kimeteleza kikagusa jiko na kilikuwa kinaungua. Moshi wake ulikuwa mwembamba lakini harufu ilikuwa mbaya, ile harufu ya pamba chafu yenye mafuta, ya kumtoa mtu machozi. Mpishi alinyoosha kisu kuonyesha. Bwana Kaakaa alidhani anaulizwa swali.

"Moshi wa mbali, naam," akasema akifumba macho. "Unakuja, unaondoka. Pua isiyozoea haiwezi kuudaka."

Dada, aliyekuwa akisafisha uyoga, alikikamata kitambaa na kukitumbukiza kwenye beseni. Kikalia shii. Bwana Kaakaa akafumbua macho, akageuka, akaona mvuke.

"Ninyi mnachezea nini?" akauliza, akatoka.

Mpishi alimtazama dada yake. Dada alitazama sakafu.

"Hanusi," mpishi akasema.

"Punguza sauti."

"Dada, mtu yule hanusi! Nguo inamuungulia kisogoni!"

"Ni yale mafua yake makubwa, unakumbuka, alipolala wiki mbili? Aliamka pua imekufa. Haijarudi."

Mpishi akahesabu kwa vidole. Yale mafua yalikuwa miaka mitatu iliyopita. Mafunzo ya mvinyo yalikuwa miaka miwili iliyopita. Akahesabu tena, asije akamwonea mtu.

"Kwa hiyo alipokwenda kusomea kunusa, alikuwa hana pua tayari?"

"Alisoma mahali kwamba ukizoeza pua inaweza kurudi. Alikwenda akitumaini."

"Na cheti walimpa?"

"Walimpa."

Hapo mpishi alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Alicheka bila sauti, mabega tu yakiruka, kama mtu anayelia msibani. Dada hakucheka. Alichukua glasi iliyobaki mezani, akanusa mara moja, fupi, kama zamani kiwandani, na mpishi akaacha kucheka kwa sababu alikuwa ameelewa jambo la pili.

"Cheri mbivu ni yako."

"Ndiyo."

"Na moshi wa mbali?"

"Naonja mchana, namwambia, anakariri."

"Na ngozi ya kiatu?"

"Yangu pia. Ila 'kipya' ameongeza yeye."

"Yaani mtu aliyekukataza kutema chai mbele ya wanaume," mpishi alisema polepole, "anakaa mbele ya wanaume anatema maneno yako. Na wewe ndiye unayemjaza mdomo."

Dada aliiweka glasi chini taratibu. "Oveni imepata moto," akasema. "Ingiza nyama."

Wageni walifika saa moja kasoro jioni. Walikuwa watatu. Wakili mmoja aliyecheka kabla mzaha haujaisha ili aonekane ameuelewa mapema. Daktari wa meno, mrefu, aliyekuwa akiwatazama watu mdomoni wanapoongea. Na mama mwenye hoteli, mwanamke mfupi wa makamo aliyevaa viatu vya kutembea, mwenye mkoba mkubwa kama wa mkunga. Dada hakukaa nao. Ilikuwa desturi ya nyumba ile kwamba wakati wa mvinyo mke anapita na vyombo.

Kwenye kile kidirisha mpishi alipata kiti cha mbele. Supu ya uyoga ilipelekwa, na Bwana Kaakaa akazipitia zile chupa tatu mojamoja. Alikuwa amekariri vizuri, hilo lazima tumpe haki yake. Hakukosea hata neno. Kila alipomaliza, wakili alisema "Kabisa!" na daktari wa meno alisema "Nilitaka kusema hivyohivyo," na mpishi kule jikoni alibetua midomo mpaka ikakaribia kumkaa hivyo.

Mama mwenye hoteli yeye alikunywa kidogo na kusikiliza. Bakuli la supu lilipoisha, alifungua mkoba wake akatoa chupa mbili zinazofanana.

"Mimi nawaambia wazi, mvinyo siujui," alisema. "Nakunywa chai. Lakini wageni wa hoteli wanauulizia. Kuna mtu anataka niuchukue huu mwaka mzima, na Jumatatu tunatia saini. Nimekuja nao ili mtu anayejua aniambie: ni mzuri? Na chakula gani kiende nao?"

Kijiko kilimdondoka dada sahanini. Ile chupa hakuwa ameionja.

Bwana Kaakaa alimtupia jicho mke wake, mara moja tu, jicho la mtoto aliyeitwa ubaoni. Kisha akachukua kizibuo. Kizibo kilitoka na mlio mzuri. Akamimina, akazungusha, akainua glasi kwenye taa, akachovya pua na kukaa nayo humo muda mrefu, mpaka wakili akaegemea mbele.

"Aaah," alisema hatimaye. "Matunda meusi. Udongo baada ya mvua. Huu ni mvinyo wenye heshima zake."

"Udongo kabisa!" alisema daktari wa meno.

"Una historia," alisema wakili akimeza.

Mama mwenye hoteli alikunywa funda moja, akakunja pua. "Samahani," akasema. "Mimi nasikia kama dekio. Lile la kupigia deki, likilala na maji usiku kucha."

Wanaume watatu wakacheka. Hawakucheka vibaya. Walicheka kwa upole, ule upole wa kumpigapiga mtu begani, ambao mpishi aliuona mbaya zaidi.

"Mama," alisema Bwana Kaakaa, "hiyo ndiyo haiba ya udongo wenyewe. Kaakaa lisilozoea huidhania kasoro. Nipe mimi miezi mitatu, utakuwa unalitafuta hilo dekio."

Yule mama alitabasamu kwa aibu, akaisukuma glasi mbele kidogo. "Basi kama ni mzuri ni mzuri. Ninyi ndio mnaojua. Jumatatu nitasaini."

Kule jikoni mpishi alikuwa anajikumbatia kwa furaha. Dada aliingia na mabakuli, juu yake ameweka glasi ya yule mama. Akaiinua. Akanusa. Hakuhitaji kunusa mara ya pili.

"Kizibo kimeuharibu. Unanuka boksi lililoloana."

"Najua! Nimemwona anavyousifia!" Mpishi alimshika mkono. "Dada, kaa hapahapa. Usiende. Leo ndiyo leo. Mwache yule mama atie saini, wageni watamrudishia huo mvinyo hotelini, atasema nani alinishauri, na mumeo atakuwa mdogo kama punje ya mtama. Nimeingoja siku hii."

"Yule mama amesema dekio. Amesema kweli, wakamcheka. Nami nimesimama pale na mabakuli."

"Si wewe uliyecheka."

"Nimesimama pale na mabakuli," dada alirudia. Kisha akamtazama mdogo wake usoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Wewe unataka mume wangu aaibike. Mimi nataka yule mama asinunue kitu kibovu. Usidhani ni jambo moja. Wewe ukishamdharau mtu unaona umemaliza kazi, unakaa chini kupumzika."

Dada akavua aproni, akatoka.

Alipofika mezani hakukaa. "Samahanini," alisema, kwa sauti ambayo mpishi alikuwa hajaisikia tangu siku za kiwandani. "Huo mvinyo umeharibika. Msiunywe."

Bwana Kaakaa akacheka. "Mke wangu amechoka. Jiko lina joto leo."

Dada aliichukua chupa ya pili, akaifungua kwa mizungusho mitatu, akanusa kizibo, akamimina kwenye glasi safi, akavuta funda moja kwa kishindo, fyuuup, mbele ya wakili na daktari na tai zao, akalitema kwenye jagi tupu la maji. Daktari wa meno alishtuka kiasi cha kuinua leso.

"Huu ni mzima," akasema. Akaziweka glasi mbili mbele ya mama mwenye hoteli. "Mama, nusa huu. Haya, sasa nusa huu."

Mama akanusa wa kwanza, akanusa wa pili, akarudi kwenye wa kwanza, akatoa macho. "Kumbe! Kumbe sikuwa mjinga!"

"Hukuwa mjinga hata kidogo. Dekio ni dekio. Ni kizibo, wakati mwingine kinakuwa na ugonjwa wake, kinaua chupa nzima. Usimlaumu anayekuuzia kwa chupa moja, lakini usitie saini mpaka umefungua nyingine kadhaa kutoka makasha tofauti. Na akatae au akubali kurudishiwa mbovu, hilo liandikwe."

Glasi zikazunguka meza. Wakili akanusa, akakohoa. "Mimi nilihisi," akasema, "ila sikutaka kuharibu hali ya hewa."

"Hata mimi," alisema daktari wa meno. "Ufizi wangu uliniambia mapema."

Mpishi kidirishani alitamani kumtupia huyo daktari kijiko, kile kikubwa cha kupakulia.

Ndipo mama mwenye hoteli, bila ubaya wowote, akazisogeza glasi mbili kwa mwenye nyumba. "Na wewe, baba? Sasa unasikiaje?"

Bwana Kaakaa alizichukua. Akanusa ya kushoto. Akanusa ya kulia. Akarudi ya kushoto, akakaa humo. Meza nzima ilimngoja. Mpishi alisogea mpaka paji la uso likagusa fremu ya kidirisha, maana hii ndiyo picha aliyokuwa ameagiza. Aliona kuwa mtu yule hakuwa anaigiza. Alikuwa anatafuta kweli, kwa nguvu zake zote, kama mtu anayepapasa ufunguo chini ya kitanda gizani.

"Sisikii kitu," alisema.

"Ana mafua," dada alisema papo hapo. "Tangu juzi. Nilimwambia tuahirishe, akakataa, hakutaka kumwangusha mgeni."

"Oh, pole sana, baba," alisema mama mwenye hoteli. "Ungesema."

Mpishi alirudi nyuma akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Angeweza kulia kwa hasira. Samaki alikuwa ndoanani, tena ameshavutwa mpaka juu ya maji, na dada yake amekata uzi kwa meno yake mwenyewe. Na bado hakuwa amemaliza na hasira hiyo wakati dada alipoingia kuchukua nyama, akachovya kidole kwenye ule mchuzi wa siku mbili, akalamba, akatikisa kichwa.

"Huu hauendi."

"Nini hakiendi?"

"Mchuzi wako. Ni mtamu, lakini una pilipili kali mno. Mvinyo ule una ukakasi, na ukakasi na pilipili vikikutana mdomoni, mtu hasikii nyama wala mvinyo, anasikia moto tu. Nipikie mwingine. Majimaji ya nyama yaliyobaki kwenye sinia, uyoga, siagi, na tone la ile chupa isiyoharibika. Dakika kumi."

Mpishi mkuu wa wagonjwa mia tatu alisimama akiwa ameshika kijiko, ametahayari kama mwanagenzi. Ulimi ulimwasha kwa majibu. Lakini dada alikuwa tayari amempa kisogo, anapanga sahani, na nyama haingoji. Akapika. Alipika kwa ghadhabu, akikwangua sinia kama anayelisugulia dhambi, akamimina mvinyo ukalia, akatupia uyoga na siagi. Kabla ya kupeleka alikata kipande cha nyama, akachovya, akala, akanywa funda juu yake.

Ule ukakasi wa mvinyo ulishika mafuta ya kondoo ukayafuta ulimini, na uyoga ukabaki nyuma, mtulivu. Kisha akajaribu, kwa siri, kipande kingine na mchuzi wake mwenyewe wa pilipili, akanywa. Moto mtupu. Dada alikuwa sahihi. Kati ya mambo yote ya siku ile, hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Chakula kililiwa, sahani zikarudi nyeupe. Wageni walipokuwa wanavaa makoti, mama mwenye hoteli aliingia jikoni mwenyewe, bila kukaribishwa, akasimama kati ya masufuria.

"Jumatatu saa tatu asubuhi," alimwambia dada. "Njoo ufungue hayo makasha nami. Na siku zinazofuata pia, kama utapenda. Nilikuwa natafuta mtu."

"Nitamuuliza—" dada alianza.

Mpishi aliangusha kifuniko cha sufuria, makusudi, na kikapiga kelele inayostahili.

"Nitakuja," dada akasema.

Baada ya miezi minne, kazi ile ilikuwa imemkaa dada kama gauni lililoshonwa kwa vipimo vyake. Hoteli ikaandaa alasiri ya kuwaonjesha wenyeji mvinyo mpya pamoja na vyakula, na mpishi akaalikwa kama mtu wa familia. Alimkuta dada yake amevaa koti jeusi la kazi, amesimama mbele ya watu hamsini, anawaeleza kwa nini nyama ya mafuta inataka mvinyo wenye ukakasi, na kwa nini mtu asione haya kusema kitu kinanuka kama kinanuka. Hakutumia neno kaakaa hata mara moja. Watu waliandika.

Bwana Kaakaa naye alikuwepo. Alikuwa amesimama karibu na meza ya jibini, amezungukwa na watu wanne, shati limesimama.

"Nimemfundisha mwenyewe," alikuwa anasema. "Alipokuja kwangu alikuwa anajua chai tu. Nikakaa naye, jioni kwa jioni. Sasa nimemwachia uwanja, kaakaa langu nimelistaafisha."

Mpishi aliweka sahani yake chini. Alikuwa na maneno tayari, yamejipanga kooni kwa miezi minne, na watu wanne ni hadhira ya kutosha. Alipiga hatua mbili. Ya tatu ilikatizwa na mkono wa dada uliomshika kiwiko na kumpeleka, kwa tabasamu, mpaka kwenye ghala la chupa, mlango ukafungwa.

"Umemsikia?" mpishi aliuliza. "Umesikia anachosema?"

"Anakisema kila siku. Nyumbani pia."

"Na unamwacha!"

"Namwacha." Dada aliegemea rafu, akavua kiatu kimoja, akasugua kidole. "Tangu siku ile hajanikataza kitu. Asubuhi ananipigia pasi koti. Usiku anakaa na vichupa vya karafuu na ndimu, anavinusa kimojakimoja, akidhani nimelala. Ananiuliza siku yangu ilikuwaje na anasikiliza jibu. Niitoe hiyo amani nyumbani kwangu ili wewe ufurahi dakika moja hapo ukumbini?"

"Si mimi. Ni ukweli!"

"Ukweli ninao. Uko huku." Akagusa pua yake, akavaa kiatu. "Haya, watu wananingoja. Na ukipita pale usimtazame hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Hivyo hivyo."

Dada akatoka. Mpishi alibaki ghalani, kati ya mamia ya shingo za chupa zilizomwelekea, akijaribu kutafuta kosa katika yale maneno. Hakulipata, na hakuyakubali vilevile. Aliona dada yake ameuza bei rahisi kitu ambacho yeye angekidai mpaka mwisho, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia hivyo bila kupepesa.

Alirudi ukumbini. Shemeji yake alikuwa anamwonyesha mhasibu mmoja jinsi ya kushika glasi kwa shina lake, vidole vitatu, si vinne. Mpishi alisimama mbele yao, akakunja mikono, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakusema neno. Lakini alimtazama hivyohivyo alivyokatazwa na dada.